Kinyozi Amepona, Shingo Hazijaamini

Inatangazwa kwa wenye ndevu wote, kwa wake zao wanaozivumilia, na kwa vijana wanaojipapasa kidevu kila asubuhi wakisubiri zao ziote, kwamba Mzee Wembe, kinyozi, amepona. Hajapata nafuu, amepona. Moyo wake umetiwa mlango mpya kwa njia ya kinena, bila kupasuliwa kifua, na wataalamu wamepima, wakapima tena, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Picha za moyo huo zipo na zinatazamika. Kinachokosekana ni shingo moja tu, ya binadamu yeyote aliye hai, iliyo tayari kuwekewa wembe na mtu huyo aliyepona.

Wembe mwenyewe tangazo hilo alikuwa akilitoa kila siku mlangoni pa duka lake, kwa sauti ya mtu anayekaribia kuugua upya kwa hasira.

"Nimepona!" aliwaambia wapita njia.

"Tunashukuru, Mzee," walimjibu, wakiongeza mwendo.

Jina la Wembe hakujipa. Alipewa na midomo ya wateja, kwa sababu katika mji mzima wa mashine za umeme zinazonguruma kama nyuki waliochokozwa, yeye ndiye aliyebaki na wembe wa kukunja, ukanda wa ngozi wa kuunolea, brashi ya povu na taulo la moto. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watu walinyolewa huku wanakoroma, na walipoamshwa walinuna. Duka lilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya fundi nguo na muuza betri. Lilikuwa na viti viwili, benchi moja, na kioo chenye ufa kwenye kona, ufa ambao kila mteja alikuwa keshazoea kuukwepa kwa kuinamisha kichwa kidogo bila kuambiwa.

Kisha pumzi ikaanza kumkimbia. Akishamaliza shavu la kulia, ilimbidi akae kwenye benchi aheme. Mteja naye alikuwa anatoka nje na povu lake upande wa kushoto, anasalimiana na watu, ananunua gazeti, anarudi kumaliziwa. Barabara nzima ilizoea kuona wanaume wazima wakitembea nusu nusu. Walisema ni uzee. Wembe naye alisema ni uzee, kwa sababu uzee hauna foleni wala vipimo.

Siku uzee ulipochoka kusingiziwa, kitini alikuwa amekaa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, shingo ameiinua, akiwasema walimu wake kwa midomo iliyokunjwa asije akala povu. Wembe aliona kioo kinaanza kuwa cheusi kutokea pembeni. Alitaka kuaga, sauti haikutoka. Akaenda chini kama koti lililoteleza msumarini, na wembe ukapita chini ya taya la Mwalimu ukaacha mstari mwembamba kama uzi.

"Ameniua!" akapiga yowe Mwalimu. "Jamani, kinyozi ameniua!"

Aliyekuwa sakafuni hana fahamu ni Wembe, lakini aliyebebwa kwanza alikuwa Mwalimu.

Tangu siku ile Mwalimu alipata kitu ambacho miaka yote ya ualimu haikumpa: hadhira isiyopiga miayo. Mwanzoni alisimulia kwamba kinyozi alimchubua. Baadaye kidogo ikawa alimkata. Kufikia Wembe anatoka hospitali, Mwalimu alikuwa ameshachinjwa, na msimuliaji ni yeye mwenyewe. Ndevu aliziachia upande mmoja, ila upande wa kovu alizipunguza kwa mashine kila wiki, ili ushahidi usije ukafunikwa.

Huko hospitali, daktari wa moyo, mwanamume mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi na ndevu za siku za zamu, alimwonyesha Wembe picha yenye kivuli kinachotetemeka.

"Mzee, huu ndio mlango unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini. Umejaa chokaa. Unatakiwa ufunguke wote. Wako unafunguka kama jicho la mtu aliyeamshwa mapema. Ndiyo maana ulizimia."

"Mtanipasua?"

"Hapana. Tunaingia na mrija mwembamba kwenye mshipa wa hapa kinenani, tunapanda nao mpaka moyoni, tunaufungua mlango mpya ndani ya ule wa zamani. Umetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, umeshonewa kwenye wavu wa chuma."

Wembe akafikiri. "Huyo ng'ombe alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Sasa mbona amekufa?"

Daktari akaangalia saa yake.

Kilichomuuma Wembe katika shughuli nzima hakikuwa moyo. Ilikuwa ni ile asubuhi muuguzi alipokuja kumwandaa kinenani na wembe wa plastiki, mkavu, akaanza kukwangua.

"Binti yangu," alisema Wembe akiwa ameuma meno, "huko unanyoa au unapalilia?"

"Baba, hapa siyo saluni."

"Nimeona."

Ndani ya chumba chenyewe alikumbuka taa kubwa juu yake, baridi, na sauti za watu wawili wakibishana kuhusu penalti. Walipomaliza, aliwauliza wataanza saa ngapi. Kesho yake akatembezwa kwenye korido la wodi, na hapo ndipo alipokutana na pumzi yake, ile aliyokuwa ameshaizika. Iliingia ikateremka mpaka kwenye nyayo. Akatembea mpaka mwisho wa korido, akageuka, akarudi, akageuka tena, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pembeni akamwambia, "Mzee, utatuchosha sisi."

Alirudi nyumbani akipanda ngazi huku anaongea. Mkewe, aliyekuja nyuma yake na mito miwili kwa ajili ya kupumzikia katikati ya ngazi, alibaki ameikumbatia.

Basi akarudi dukani, amevaa koti jeupe lililopigwa pasi, wembe umenolewa mpaka unaogopwa na ukanda wenyewe. Kiti cha pili kilikuwa cha mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamke wa haraka haraka ambaye watu walimwita Mashine kwa sababu ya kifaa chake, na pia kwa sababu hakujua kuzima mdomo. Wembe alipolazwa, yeye ndiye aliyeshika duka.

Mteja wa kwanza akaingia.

"Mzee! Pole sana. Umepona kabisa?"

"Kabisa. Karibu kitini."

"Tunashukuru sana. Sana." Mteja akamgeukia mpwa. "Mashine, niko nyuma ya nani?"

Wa pili alisema ngozi yake siku hizi inakataa wembe. Wa tatu alisema mkewe ameanza kupenda ndevu. Mke huyo huyo aliyekuwa akimfukuza mpaka dukani akanyolewe. Muuza betri, mtu ambaye tangu balehe hajawahi kuonekana na unywele usoni, alifuga kichaka kama mtu anayejificha na polisi. Wote walikaa kwenye benchi wakisubiri Mashine, na kiti cha Wembe kilikuwa kitupu mbele yao, kimefutwa, kinameta.

"Nikae wapi?" aliuliza mmoja pale benchi lilipojaa.

"Kaa pale kwa Mjomba," alisema Mashine.

"Nitasimama tu."

Wembe akachukua ufagio. Mtu hawezi kusimama siku nzima na wembe mkononi kama anasubiri adui. Alifagia nywele za Mashine kutoka chini ya kiti cha Mashine, akazisukuma mpaka mlangoni, akageuka, zimeshaanguka nyingine.

Siku moja fundi nguo wa chumba cha jirani aliamua kusema yaliyokuwa mioyoni mwa wengi.

"Mzee, usinielewe vibaya. Kovu la Mwalimu tumeliona wote. La kwako liko wapi?"

"Sikupasuliwa kifua. Wameingilia huku chini."

"Chini wapi?"

"Kinenani."

"Wakatengeneza moyo kutokea huko?" Fundi nguo aliwatazama walio kwenye benchi. "Mimi nikitaka kuweka kola, siingilii kwenye pindo la suruali."

Benchi likacheka. Maji yalishamfika Wembe shingoni siku nyingi. Siku hiyo yakamwagika. Akatupa ufagio, akaanza kufungua mkanda.

"Njoo uone! Njooni wote mwone!"

"Mjomba!" Mashine akazima mashine, jambo la nadra. "Mjomba, kuna mama hapa ameleta mtoto!"

Fundi nguo hakujali mama wala mtoto, aliinama akakodoa. Wembe naye akainama. Alama yenyewe ilikuwa imeshafifia, na baada ya kutafuta kwa muda alinyoosha kidole kwenye kitu ambacho fundi nguo, baada ya kukitazama kwa karibu, alisema ni upele wa mbu.

Na kama hilo halikutosha, kulikuwa na vidonge. Daktari alimpa vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye mlango mpya, akamwonya kwamba hata mchubuko mdogo utachukua muda kukauka, hivyo yeye mwenyewe asijinyoe kwa wembe. Atumie mashine. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, mchana kweupe, kinyozi wa mwisho wa wembe alikaa kwenye kiti cha mpwa wake, akafumba macho kwa aibu, akanyolewa na nyuki. Na ni lazima wakati huo Mwalimu awe anapita.

"Mnaona?" Mwalimu aliwaambia wapita njia, akijishika kovu. "Hata yeye mwenyewe hajiamini."

Kliniki nako walimuuliza maswali. Muuguzi mwingine, mpole, alimsomea moja baada ya jingine. Anaweza kupanda ngazi bila kuchoka? Anaweza. Miguu inavimba? Haivimbi. Analala kwa mto mmoja? Mmoja, na mwingine mkewe kamnyang'anya. Kwa ujumla, anaridhika na maisha yake kiasi gani?

"Mnayo sehemu ya shingo?" aliuliza Wembe.

"Shingo inauma, baba?"

"Shingo yangu haina neno. Nauliza za wengine."

Muuguzi akatafuta kwenye fomu. Sehemu ya shingo za wengine haikuwepo. Akamwandikia kwamba anaridhika kiasi.

Jioni hiyo, akiwa anakunywa chai ambayo mkewe aliipooza kwanza kwa kuhofia isimshtue ng'ombe aliye moyoni, Wembe alimwaga yote. Kwamba amekaa hospitali, ameumia, ametiwa chuma na ngozi ya mnyama, ili apate pumzi ya kufagia. Kwamba kama ni hivyo, heri angebaki na ule mlango wa chokaa. Angalau wakati ule watu walimpa nusu ya uso.

"Usiseme hivyo, baba watoto."

"Sema kweli. Wewe ungekuwa na ndevu, ungekaa kwangu?"

Mkewe alikoroga chai yake. Alikoroga muda mrefu kuliko sukari iliyokuwemo. Wembe akainuka akaenda kulala, kwa mto mmoja.

Wiki zilizofuata ikaja barua ya mwaliko kutoka hospitali. Daktari wa moyo alikuwa anaandaa siku ya kuwaeleza wenzake na watu wa kawaida habari za milango hii mipya, na alitaka wagonjwa waliopona wahudhurie, kila mmoja na jamaa zake. Wembe alisema haendi, hajawa tumbili wa maonyesho. Mkewe alisema wanakwenda, na wanakwenda na Mwalimu.

"Na nani?"

"Mwalimu. Nimeshamwalika. Anajua kuongea mbele za watu."

"Mama watoto, umerogwa?"

"Vaa koti lako jeupe," alisema mkewe. "Lile la kazini."

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, madaktari mbele, wagonjwa katikati, na Mwalimu nyuma kidogo, amekaa kimshazari ili mwanga wa dirisha ulipige kovu. Daktari alisimama mbele ya pazia jeupe lililojaa michoro. Akaeleza mrija unavyopita, mlango unavyofunguka, wagonjwa wangapi wanarudi nyumbani mapema. Alikuwa na furaha ya kweli, na ndevu zake za zamu zilikuwa pale pale, kana kwamba toka siku ile hajapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kisha moyo wa Wembe ukatokea kwenye pazia, mkubwa kama gari, unafunga na kufungua.

"Na huyu," alisema daktari kwa sauti ya kuzindua daraja, "ni mmoja wa matokeo yetu mazuri kabisa. Mgonjwa huyu alikuwa anazimia. Leo amerejea kikamilifu katika shughuli zake za kila siku!"

Makofi. Wembe akanyoosha mkono.

"Shughuli zipi?"

"Kazi yako, Mzee. Si wewe ni kinyozi?"

"Nafagia."

"Samahani?"

"Nafagia nywele anazonyoa mpwa wangu. Tangu mnitengeneze sijanyoa mtu."

Michoro ikaendelea kuwaka nyuma ya daktari. Makofi yalikuwa yamekatika, ila mzee mmoja aliyekuwa kiziwi kidogo aliendelea peke yake.

"Lakini vipimo vyako..." daktari akaanza.

"Vipimo sina ugomvi navyo. Wewe unasema nimepona?"

"Umepona."

"Siwezi kuzimia tena na wembe mkononi?"

"Kwa sababu ya ule mlango, hapana. Ila Mzee, katika tiba hatusemi mia kwa mia."

"Mmesikia hiyo!" alipaza sauti Mwalimu kutoka nyuma, akasimama kabisa. "Mimi ni mhanga!"

"Kaa chini wewe, uliyechinjwa unaongea," alisema Wembe bila kugeuka. "Daktari, mia siitaki. Nataka kujua tu ni ngapi zinatosha shingo yako."

Mbele, madaktari wakaanza kutazama dari, wengine viatu. Mmoja mwenye mashavu kama ya mtoto akajishika kidevu, akafurahi kukikuta kitupu. Daktari wa moyo naye akajishika cha kwake, na ukumbi wote ukasikia ndevu zikikwaruza kwenye kipaza sauti.

"Ningekubali, Mzee. Kwa moyo mmoja. Ila vifaa hapa..."

Mkewe Wembe akainuka. Akaweka mkoba wake juu ya kiti, akatoa taulo lililokunjwa, brashi, kopo la sabuni, ukanda wa ngozi, na wembe wa kukunja uliofungwa ndani ya leso yake ya kichwa. Mwisho akatoa chupa ya chai.

"Maji bado ya moto," alisema. Hakumtazama mumewe, ila wakati anampa wembe alimfinya kidole.

Daktari akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya moyo mkubwa uliokuwa bado unapiga kwenye pazia. Wembe akamwekea taulo la moto, akamwacha kidogo alegee, akapaka povu. Alinoa wembe kwenye ukanda uliofungwa kwenye egemeo la kiti, na kila ulipopita, mabega ya daktari yalipanda. Alipouleta karibu na shavu la kulia, alihisi vidole viwili vya baridi vimemshika kwenye kifundo cha mkono.

"Daktari, niachie mkono."

"Napima mapigo tu, Mzee."

"Yangu au yako?"

Kicheko kilitokea kwa wagonjwa kwanza, ndipo madaktari wakajiunga. Vidole vikaachia. Wembe akavuta ngozi kwa kidole gumba, akaanza. Mkono ulikumbuka kila kitu. Ulishuka kutoka sikioni mpaka tayani, ukapumzika, ukashuka tena, na sauti ya nywele zikikatika ilikuwa ndogo na safi. Watu waliokuwa nyuma walisimama. Mwalimu alisogeza kiti chake mbele, kisha akakisogeza tena, akidai haoni. Wembe akainua kidevu cha daktari kwa ncha ya kidole na kupitisha wembe shingoni, pale pale ambapo Mwalimu alidai kuchinjiwa, na daktari, ambaye kwa kazi yake alijua hasa kilichokuwa kinapita chini ya ngozi ile, alifumba macho.

Wembe ukaenda taratibu mpaka mwisho. Wembe mwenyewe hakuhema, hakutafuta benchi. Mkewe alikuwa ameshika kifuniko cha chupa mkononi, hajui akiweke wapi.

Kinyozi alipogeuka kuufuta wembe kwenye taulo, daktari alijipapasa shavu la kulia, likateleza kama sahani. Akajipapasa shingo. Yupo. Furaha ya kuwa hai ikamzidi. Akaruka kutoka kitini, akakamata kipaza sauti, povu likiwa limemjaa upande wa kushoto kuanzia sikioni mpaka kidevuni.

"Mabibi na mabwana! Hicho mlichokiona ndicho tunachokiita matokeo! Si takwimu, si michoro! Ni mtu, amerudishiwa uhai, heshima, na nafasi yake katika jamii!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nyuma ya daktari kiti kilikuwa kitupu, na Mwalimu, ambaye hajawahi kuvumilia shingo ya mtu mwingine ishangiliwe, alikuwa ameshakikalia. Alijifunika taulo mwenyewe. Akainua kidevu, kovu na vyote, akafumba macho. Nyuma yake muuza betri mwenye kichaka, aliyemsindikiza tu, akasimama kimya kama mtu aliye kwenye foleni.

Daktari alimgeukia Wembe na kumwelekezea kipaza sauti, povu likimdondokea kwenye kola, macho yamelowa.

"Mzee, hebu uwaambie wenyewe, kwa maneno yako. Leo hii, baada ya yote uliyopitia, unasemaje?"

Wembe alimtazama Mwalimu kitini. Akamtazama daktari usoni, upande mmoja, halafu wa pili.

"Mwalimu, toka hapo," alisema. "Daktari bado wa kushoto."